Kabla hujawatumia hela "polisi" waliokupigia simu

Mwezi Machi mjomba alikuja kwangu na kasha la viatu. Mimi huwajazia watu fomu za kodi hapa Columbus, Ohio, kwenye meza ya jikoni, kuanzia mwisho wa Januari mpaka tarehe 15 Aprili. Nimezoea kuletewa karatasi kwenye mifuko ya plastiki, bahasha za khaki, hata ndani ya sufuria. Mjomba ana miaka 74, ni raia wa Marekani tangu zamani, amestaafu kazi ya usafi hospitalini. Sijamaliza hata kumwamkia, akalisukuma kasha mbele yangu.

"Mwanangu, mwaka jana nimetoa sadaka nyingi. Niwekee kwenye punguzo la kodi."

Mlikuwa na barua kumi na moja za shukrani na stika tatu za gari zenye nyota ya polisi. Dola 20, dola 35, dola 50, tena 35. Jumla dola 410. Nyingine za polisi, nyingine za wanajeshi wastaafu, za wazima moto, za kinamama wenye saratani ya matiti. Nikasoma ya kwanza mpaka chini kabisa, kwenye yale maandishi ya kutafutia miwani: mchango huu haukatwi kwenye kodi. Ya pili vivyo hivyo. Zote kumi na moja.

"Mjomba, hizi si sadaka. Hizi ni kamati za siasa."

"Siasa gani? Mimi nimempa polisi."

Tulikaa mpaka saa nne usiku na kompyuta yangu, tukizitafuta moja moja. Nitakayoyaeleza hapa ndiyo tuliyoyafanya usiku ule, pamoja na mambo ambayo ningependa tungeyajua kabla ya hundi ya kwanza kutumwa.

Kwanza ujue unashughulika na nani

Kamati hizi huitwa PAC. Ni vyombo vinavyokusanya fedha ili kuwasaidia au kuwapinga wagombea, na kwa ngazi ya taifa husajiliwa na Tume ya Uchaguzi ya Shirikisho, FEC. PAC ya kawaida inaweza kupokea kwa mtu mmoja hadi dola 5,000 kwa mwaka. Tangu hukumu mbili za mahakama za mwaka 2010 zipo pia zile kubwa, super PAC, ambazo hupokea bila kikomo. Nyingi zinafanya kazi iliyozileta, upende siasa zake usizipende.

Halafu zipo zinazokula. Na hapa ndipo watu wengi wanapokosea: wanadhani tapeli ni mtu aliyejificha. Huyu hakujificha. Amejisajili, ana namba, ana mweka hazina, na kila kipindi anapeleka ripoti serikalini inayoonyesha kwa maandishi yake mwenyewe kwamba fedha zako hazikufika popote. Anategemea kitu kimoja tu, kwamba hutaifungua hiyo ripoti.

Sote tumeshakaa kwenye kamati ya harusi ambayo vikao vilikula nusu ya mchango: soda, nauli ya mwenyekiti, kadi zilizochapishwa mara mbili. Lakini mwisho wa siku bibi harusi alionekana na pilau lililiwa. Sasa fikiria kamati ya harusi isiyo na harusi, vikao tu, mwaka baada ya mwaka, na daftari liko wazi mezani.

Sheria je? Hakuna kifungu kinachosema PAC lazima itumie kiasi fulani cha mchango kwa lengo iliyolitangaza. Katazo la kutumia fedha za kampeni kwa mambo binafsi linazibana kamati za wagombea, halizigusi PAC kwa namna ileile. FEC yenyewe imeliomba Bunge zaidi ya mara moja lirekebishe sheria. Ndiyo maana kesi zinazofika mahakamani huwa ni za ulaghai kwa njia ya mawasiliano au za kudanganya kwenye ripoti, na zinahitaji FBI na miaka ya uchunguzi.

Zimefika chache, na zinafundisha. Mwaka 2013 Ken Cuccinelli aligombea ugavana wa Virginia. PAC iliyoitwa Conservative StrikeForce ikachangisha kwa jina lake. Kati ya mamilioni iliyokusanya, yeye akapata dola 10,000. Akaishtaki, na mwaka 2015 wakamalizana kwa kulipwa dola 85,000. Mshauri wa siasa aliyekuwa nyuma ya mchezo huo, Kelley Rogers, alihukumiwa kifungo cha miaka mitatu Januari 2020. Kutoka uchaguzi hadi hukumu, zaidi ya miaka sita.

Kesi ninayoipenda zaidi kuwasimulia watu ni ya Texas. Novemba 2021 wanaume watatu walishtakiwa kwa kuendesha PAC mbili wakati wa uchaguzi wa 2016: Liberty Action Group kwa wafuasi wa upande mmoja, Progressive Priorities kwa wafuasi wa upande wa pili. Mikono ileile, bakuli mbili. Kwa mujibu wa waendesha mashtaka walikusanya karibu dola milioni 3.5. Zilizofika kwenye kamati ya mgombea yeyote au shughuli yoyote ya siasa ni karibu dola 19. Sijakosea kuandika. Kumi na tisa.

Simu ikiita

Mjomba aliniachia simu yake jioni ile akaenda kuswali, nayo ikaita. Sauti ya mwanaume mchangamfu, lafudhi ya mashambani, anaomba msaada kwa ajili ya maafisa wetu mashujaa. Nikamuuliza, "Leo umekula nini?" Akacheka, kicheko cha kupendeza, kisha akasema anaelewa kabisa, hali ni ngumu kwa kila mtu, hata dola 20 zitasaidia. Nikamuuliza tena amekula nini. Akacheka tena, kicheko kilekile, hata ile pumzi ya mwishoni ilikuwa ileile.

Huyo hakuwa mtu anayeongea nami. Yupo mtu, lakini amekaa mbali mbele ya kompyuta akibonyeza vipande vya sauti vilivyorekodiwa: kicheko, asante, naelewa, tuseme 35 basi. Kwa hiyo jambo la kwanza ni kumtoa kwenye njia yake. Muulize kitu ambacho hakikurekodiwa. Ukipata jibu lisiloendana na swali, kata. Huhitaji hata kuaga. Ujue tu kwamba teknolojia ya sauti inazidi kuwa na akili, na siku si nyingi utajibiwa kwamba amekula samaki.

Akiwa binadamu kweli, muulize mambo mawili na uandike majibu: jina kamili la taasisi, na kama ni PAC au ni shirika la hisani. Sikiliza anavyozunguka. "Tunaunga mkono sheria zinazowasaidia polisi" maana yake ni PAC. "Fedha zitatumika kuelimisha wapiga kura" maana yake ni PAC, na huenda elimu yenyewe ndiyo hiyo simu aliyokupigia. Mwaka 2024 Richard Zeitlin wa Las Vegas, aliyemiliki kampuni za kupiga simu za namna hii, alikiri kosa la kula njama ya ulaghai na akafungwa miaka kumi. Miongoni mwa aliyoyafanya ni kubadilisha maneno ya simu ili wachangiaji wadhani wanatoa kwa shirika la hisani kumbe ni PAC.

Usitoe namba ya kadi kwenye simu waliyokupigia wao. Hata kama jina ni zuri, hata kama mtoto analia nyuma. Na usikubali kusema "nitatoa". Hili ndilo lililompata mjomba. Aliposema tu "sawa, nitawaangalia", wiki iliyofuata ikaja bahasha yenye karatasi iliyofanana na ankara ya umeme: umeahidi dola 35, tafadhali timiza. Mzee wa watu amelelewa kwamba ahadi ni deni. Alitoka na baridi ya Februari kwenda kununua stempu.

Kujisajili kwenye orodha ya taifa ya wasiotaka kupigiwa simu hakusaidii sana hapa, kwa sababu simu za siasa zimeachwa nje ya orodha hiyo, na za hisani vilevile. Kinachozibana kidogo ni kwamba simu ya rununu haitakiwi kupigiwa kwa mashine au sauti ya kurekodi bila ridhaa ya mwenyewe, hata kama ni ya siasa.

Kufungua daftari lao

Nenda fec.gov, andika jina la kamati kwenye sehemu ya kutafutia. Andika jina lote, maana majina haya yametungwa yafanane kama mapacha, na neno moja likibadilika umehamia kamati nyingine. Ikitokea, utaona namba inayoanza na herufi C ikifuatwa na tarakimu nane. Iandike, ndiyo kitambulisho chao.

Isipotokea, kuna njia nne. Inaweza kuwa shirika la hisani la kweli. Tafuta kwenye orodha ya mashirika yasiyolipa kodi ya IRS, yaani mamlaka ya kodi ya Marekani. Inaweza kuwa PAC ya ngazi ya jimbo. Inaweza kuwa kundi liitwalo 527, kwa namba ya kifungu cha sheria ya kodi, ambalo hupeleka taarifa zake IRS badala ya FEC. Siku hizi wengi wa wapiga simu za "polisi" na "wazima moto" wamehamia huko. Au hakuna taasisi yoyote, ni mwizi wa kawaida. Katika kasha la mjomba, barua saba zilikuwa za kamati zilizoko FEC na nne za 527.

Ukishaipata, usianze na mapato. Mapato yatakutisha tu. Nenda kwenye matumizi ya kipindi cha miaka miwili na utazame mafungu matatu: michango iliyopewa kamati nyingine na wagombea, matumizi huru, yaani matangazo wanayoyalipia wenyewe kumsaidia au kumpinga mgombea, na gharama za uendeshaji. Kamati tuliyoifungua kwanza ilikuwa na sifuri kwenye fungu la kwanza, sifuri kwenye la pili, na mamia ya maelfu kwenye la tatu. Mjomba akavaa miwani, akaweka kidole kwenye kioo cha kompyuta. "Hii sifuri ndiyo ya polisi?"

Ndiyo, mjomba.

Usikomee kwenye mafungu, kwa sababu wajanja wameshalijua hilo. Wengine huhesabu simu za kuomba fedha kama matumizi huru, kwa kuwa katikati ya kuomba wametaja jina la mgombea. Kwenye karatasi inaonekana wametangaza sana. Fungua orodha ya waliolipwa. Ukiona fedha zote za "matangazo" zimekwenda kwa kampuni moja ya simu, na kampuni hiyohiyo ndiyo inayolipwa kuchangisha, umeshaelewa. Tazama pia malipo ya "ushauri" yanayojirudia kila mwezi kwa kampuni ndogo.

Kisha fungua fomu ya kuanzishwa kwa kamati. Ina anwani, jina la mweka hazina na benki. Kamati tatu za mjomba zenye majina yasiyofanana hata kidogo zilikuwa na sanduku la posta moja. Hapa niwe mwadilifu: wapo waweka hazina wa kazi hiyo tu wanaoshika vitabu vya kamati nyingi halali, kwa hiyo jina moja kurudiarudia si ushahidi peke yake. Mweka hazina mmoja, sanduku moja, kampuni ya simu moja na sifuri kwenye mafungu mawili ya kwanza, hapo sihitaji kushawishiwa. Tena kamati changa iliyoanza mwaka huu inaweza kuwa na gharama kubwa za kuchangisha kwa haki kabisa, maana kutafuta wachangiaji wapya kwa posta hula fedha mwanzoni. Mimi huwapa miaka miwili. Baada ya hapo, kama hata robo haijafika kwenye kazi yenyewe, siwapi hata senti, na simshauri mtu awape.

Mjomba alitaka kuliona jina lake humo. Hatukuliona. Kamati inalazimika kumtaja mchangiaji akishapita dola 200 kwa mwaka, na yeye alikuwa chini ya hapo kwa kila moja. Nadhani hilo lilimuuma kuliko fedha.

Ukaguzi mwingine wa haraka, kwa wale wanaochangia mgombea: PAC ambayo mgombea hakuiidhinisha hairuhusiwi kubeba jina la mgombea huyo katika jina rasmi la kamati, ila kama jina lenyewe linaonyesha wazi kuwa inampinga. Na kwenye matangazo na tovuti zake ni lazima iandike nani amelipia na kwamba haikuidhinishwa na mgombea yeyote. Ukiona picha kubwa ya mgombea wako na chini kabisa sentensi hiyo, fedha zako haziendi kwake. Ukitaka zimfikie, tafuta kamati yake kuu hapohapo fec.gov na uingie kwenye tovuti yake kwa kuandika anwani mwenyewe, si kwa kubonyeza kiungo cha ujumbe.

Na kabla sijasahau, kwa sababu naulizwa kila mwaka: kama si raia na huna kadi ya kijani ya ukaaji wa kudumu, sheria inakukataza kuchangia uchaguzi wowote wa Marekani, wa taifa, wa jimbo hata wa mji. Mpiga simu hatakuambia. Mwenye kadi ya kijani anaruhusiwa kuchangia, ingawa kupiga kura haruhusiwi.

Ukishatoa

Anza na kadi. Kurasa nyingi za kuchangia zilikuwa na kisanduku kilichokwisha kuwekewa alama kinachogeuza mchango mmoja kuwa wa kila mwezi. Mei 2021 makamishna wote wa FEC walikubaliana kuliomba Bunge lipige marufuku jambo hilo. Pitia taarifa za benki za miezi sita nyuma. Tulikuta makato mawili ya dola 25 ambayo mjomba alidhani ni ya simu. Tulipiga benki tukafunga kadi ile, akapewa nyingine. Kama ni kadi ya mkopo na kuna makato usiyoyaidhinisha, andika barua ndani ya siku 60 tangu taarifa yenye makato hayo ilipotumwa. Simu peke yake haitoshi kukulinda. Hundi iliyokwisha kulipwa, isahau.

Waandikie kamati ukidai kurudishiwa. Sema tarehe, kiasi, na ulichoambiwa kwenye simu. Katika barua zetu tano, moja ilijibiwa, dola 35 zikarudi.

Kisha toa taarifa. Malalamiko kwa FEC hayapokelewi kwa simu: yawe ya maandishi, na jina na anwani yako, yamesainiwa kwa kiapo mbele ya mthibitishaji wa saini (notary), benki nyingi zina mtu huyo na hawamtozi mteja wao. Ulaghai wenyewe upeleke FBI kupitia tips.fbi.gov. Kama walijifanya shirika la hisani, mwandikie na mwanasheria mkuu wa jimbo lako. Ambatanisha bahasha, usibakie na hadithi tu. Bahasha ina muhuri wa tarehe. Halafu jiandae kwa ukimya mrefu, maana FEC huyashughulikia malalamiko kwa siri mpaka yamalizike.

Simu zitazidi kwanza kabla ya kupungua. Jina la aliyetoa mara moja ni mali, hukodishwa. Sheria inakataza kuchukua majina ya wachangiaji kwenye ripoti za FEC ili kuyatumia kuomba fedha, na kamati huruhusiwa kupachika hadi majina kumi ya uongo katika ripoti ili kuwanasa wanaoiba orodha. Lakini hakuna kinachoizuia kamati kuikodisha orodha yake yenyewe. Kwenye simu ya mjomba tumeweka kwamba namba isiyo kwenye majina yake haiiti, inakwenda moja kwa moja kwenye ujumbe wa sauti. Alilalamika siku mbili, kisha akagundua kwamba analala mchana.

Stika mbili nimezitupa. Ya tatu bado iko kwenye dirisha la nyuma la gari lake. Nimemwambia aibandue mara tatu sasa. Anasema tangu aiweke hajasimamishwa na polisi hata mara moja.